Diski ya kwanza inasoma, ya pili eti haipo

SWALI: Shikamoo kaka fundi. Mimi mwanafunzi niko Sinza, naomba msaada nimekwama leo siku ya tatu. Nimeweka Hercules, ile emyuleta (programu ya kuigiza mashine nyingine), kwenye laptopu yangu nijifunze meinfremu, yaani zile kompyuta kubwa za IBM, nikapata SUSE Linux Enterprise Server 10 ya meinfremu, ni ISO nne za CD, yaani mafaili manne, kila moja nakala nzima ya CD. Hizo ISO nimeziweka kwenye desktopu niliyonunua used Kariakoo, nayo ina Linux, nikamaunti (nikaifungua isomeke kama folda) kila ISO kwenye folda yake, /srv/suse/CD1 mpaka CD4, halafu nikashea kwa NFS, ile njia ya Linux ya kushea folda kwa mtandao. Installa inawaka vizuri tu, menyu inakuja, VNC (ile ya kuona skrini ya mashine kwa mbali) inafunguka, paketi zinaanza kuingia, mara inasimama inaniambia niweke diski ya 2. Sasa kaka niiweke wapi? Laptopu yenyewe haina hata sehemu ya kuchomeka CD! Nimebadilisha IP mara tatu, nimezima fayawoli, Hercules nimeifuta nikaiweka upya, na bando ndo linakata. Kwenye faili la exports, lile la kutaja folda zinazoshewa, nimeandika /srv/suse/CD1 *(ro) basi. Nakosea wapi?
Mdogo wako, Sinza

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera kwanza kwa kuandika ule mstari wa exports maana bila huo ningebaki kupiga ramli kama wengine wanaoniandikia "haifanyi kazi nisaidie" halafu basi.

Mtandao wako uache kabisa, usiuguse tena. Installa imeshavuta keneli (kile kiini cha Linux), imeshafungua VNC, imeshasoma paketi za diski ya kwanza kutoka desktopu ya Kariakoo mpaka ndani ya Hercules, sasa IP itakuwaje mbaya? IP ikiwa mbaya usingefika hata kwenye ile skrini ya lugha. Siku tatu umekuwa ukitibu mguu wakati jino ndo linauma. Tatizo liko kwenye seva, kwenye ule mstari mmoja.

Iko hivi. Installa ya SUSE ukiiambia chanzo ni /srv/suse/CD1 inasoma hapo mpaka vitu vya diski ya kwanza viishe, ikitaka diski ya pili haikuulizi kwanza, inachukua ile njia uliyoipa inabadilisha namba, inatafuta /srv/suse/CD2 yenyewe. Ndo maana folda lazima ziitwe CD1, CD2, CD3, CD4 na zikae pamoja chini ya folda moja, hapo umepatia. Ila wewe umeshea CD1 peke yake! Installa imeenda kugonga mlango wa CD2 ikaambiwa humu huruhusiwi, ikarudi kwako kinyonge kukuomba diski. Yenyewe haijui kama CD2 ipo ila imefungiwa, inachojua ni kwamba haijaipata.

Utasema basi nashea /srv/suse yote yaishe. Subiri, hapo ndo kuna mtego wa pili na huu umenila mimi mwenyewe usiku mzima. ISO uliyoimaunti kwenye folda ni fayilisistemu nyingine kabisa, yaani kama diski nyingine inayojitegemea, na NFS kwa kawaida haivuki kutoka fayilisistemu moja kuingia nyingine, inashea ile uliyoitaja tu. Kwa hiyo wewe ukikaa kwenye seva ukapiga ls unaona kila kitu kimejaa, lakini anayekuja kwa mtandao anakuta folda nne nzuri zenye majina na ndani hamna kitu, tupu kama daladala ya saa tisa usiku. Utashea /srv/suse, safari hii hata diski ya kwanza itakataa, utaniandikia tena umechanganyikiwa zaidi. Kuna opsheni ya crossmnt ya kuiruhusu NFS ivuke na inafanya kazi, ila mimi kwa mtu anayejifunza namshauri akopi tu vitu akae navyo kwenye folda za kweli, nne zote hazifiki hata GB 3, desktopu yako haitalia.

Maunti ISO ya kwanza kwenye /mnt kwa mount -o loop, halafu cp -a /mnt/. /srv/suse/CD1/ na usisahau ile nukta baada ya mnt, ndo inayobeba na mafaili yaliyofichwa. Hizo folda za zamani ziondoe ISO zake kwanza kwa umount bwana, usikopi ISO juu ya ISO. Toa, weka ya pili, kopi kwenye CD2, hivyohivyo mpaka ya nne. Kopi ukiwa kwenye Linux, usipitishe kwenye Windows kwa sababu majina marefu ya mafaili kwenye CD nyingi za Linux yameandikwa kwa mtindo wa Rock Ridge na Windows yenyewe haiusomi, unaweza ukaishia na majina yaliyokatwa au herufi ndogo zimegeuka kubwa, na Linux kwake "Suse" na "suse" ni watu wawili tofauti.

Ukimaliza kukopi hakiki. Kila diski ina folda yake ndogo ya utambulisho, ya kwanza ina media.1, ya pili media.2, unaelewa mwendo. Kwa hiyo ndani ya CD2 lazima ukute media.2. Mimi kuna siku nilikuwa na CD za kuchoma, maandishi ya mkono yamefutika, nikaweka ya tatu kwenye folda ya pili, installa ikawa inanililia diski ya 2 na mimi naibishia "si hiyo hapo!" kumbe mwenye makosa ni mimi. Na ISO ulizodaunilodi pima md5sum zake (namba ya kuhakiki kuwa faili halijaharibika) na zile zilizotolewa na wenyewe, hasa kama ulidaunilodi kwa bando la usiku likakatika katikati ukaendelea asubuhi.

Halafu exports iwe /srv/suse *(ro,no_root_squash,sync), piga exportfs -r. Kabla hujarudi kwenye Hercules nenda kwenye laptopu yenyewe, piga showmount -e na IP ya seva uone /srv/suse imetajwa, kisha uimaunti hapo kwenye laptopu upige ls kwenye folda zote nne. Jaribio lifanyie kwa mgeni, siyo kwa mwenye nyumba. Ukiona media.1 mpaka media.4 ukiwa laptopu, basi rudi uanze, na kwenye menyu ya installa chanzo andika /srv/suse/CD1 vilevile kama mwanzo, ingawa sasa unachoshea ni folda ya juu.

Kama NFS imekuchosha tumia FTP, njia nyingine ya kuhamisha mafaili kwa mtandao, yenyewe haijali mambo ya kuvuka fayilisistemu, inaona kile seva inachoona. Ila njia inahesabiwa kutoka folda ya FTP na siyo kutoka mwanzo wa diski ya seva, kwa hiyo kama umeingia bila jina na folda yenyewe ni /srv/ftp, hutaandika /srv/ftp/suse/CD1, utaandika suse/CD1. Watu wengi wanaangukia hapo.

Mengine mawili kwa kuwa najua utayakuta. Diski ya meinfremu uliyoitengeneza kwa dasdinit (amri ya Hercules ya kutengeneza diski), kama ni ya aina ya 3390-3 ina silinda 3339 (silinda ndo kipimo cha ukubwa wa diski hizo), ikishafomatiwa inabaki na GB 2 na ushee, ukichagua paketi nyingi itajaa katikati. Tengeneza 3390-9, silinda 10017, ukiipa mgandamizo haili nafasi yote ya laptopu siku ya kwanza. Kufomati kwake kwenye emyuleta kunachukua muda, kwa hiyo angalia Luku kabla hujaanza maana mimi uniti ziliniishia kwenye asilimia 80 nikabaki naangalia ukuta. La pili, installa ikimaliza hatua ya kwanza mashine itasimama, haitajiwasha yenyewe kama PC, wewe ndo unatakiwa upige ipl, amri ya kuiwasha, na namba ya ile diski, mfano ipl 120. Nimeshaona mtu amekaa anasubiri ijiwashe, kaenda kunywa chai karudi, bado anasubiri.

Kuna msomaji atauliza kijana wa Sinza meinfremu kaipata wapi. Hercules ni programu tu, ilianzishwa na Roger Bowler mwaka 1999, inaigiza mashine za IBM za ukoo wa System/360 uliotangazwa Aprili 1964 na wajukuu zake, na mwaka huohuo 1999 mwezi wa Desemba IBM wakatoa msimbo wa programu wa kuifanya Linux ikimbie kwenye meinfremu. Nchi hii mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta, leo dogo anayo meinfremu chini ya kitanda geto. Dunia hii.

SWALI: Kaka habari, mie wa Mbezi. Zangu ni SUSE 9, CD moja imeandikwa SLES na tano zimeandikwa CORE. Nimeziita CD1 mpaka CD6 kwa mfuatano, inagoma baada ya ya kwanza. NFS iko sawa nimeshahakikisha.

JIBU: Salama dada. Hiyo ya 9 ina tabia yake, ushauri niliompa wa Sinza wa kupanga namba tu haukufai, kwa sababu kwa installa hizo ni bidhaa mbili, SLES ina diski 1 na CORE inaanza kuhesabu upya kutoka 1 mpaka 5. Ukiita CORE ya kwanza "CD2" unaidanganya installa. Tengeneza folda sles9 ndani yake CD1, halafu core9 ndani yake CD1 mpaka CD5, zote chini ya folda moja. Hapohapo juu tengeneza folda inaitwa yast, ndani yake faili la order, mstari wa kwanza /sles9/CD1 mara mbili, wa pili /core9/CD1 mara mbili, na katikati ya hayo mawili ni tabu siyo spesi, bonyeza kile kitufe cha Tab kweli, spesi zinaonekana sawa kwa macho ila hazisomeki. Faili hilohilo likopi kwa jina la instorder. Mwisho pale juu weka linki za boot, content, control.xml na media.1 zinazoelekea sles9/CD1, ili installa ikifika ikute mlango. Sasa chanzo unachoandika kwenye menyu ni ile folda ya juu, usiingie tena mpaka CD1.

SWALI: Fundi, sisi ofisini Posta tuna z/VM (mfumo wa IBM wa kuendesha mashine nyingi ndani ya meinfremu moja) ya kweli siyo emyuleta. Nimepeleka keneli, initrd (mafaili ya kuanzia ya Linux) na parmfile (faili la maelekezo ya keneli) kwa FTP, nikazitoboa, yaani nikazituma kwa amri ya PUNCH kwenda rida, ile foleni ya kuwashia mashine, nikipiga IPL 00C CLEAR inakufa hapohapo hata neno moja haitoi. CD zenyewe hatujazifikia hata.

JIBU: Umezipeleka kama maandishi mkuu, FTP imezigeuza kwenda EBCDIC, mtindo wa IBM wa kuandika herufi, na keneli ikishageuzwa hivyo imekufa. Futa, anza upya: bin kwanza (isigeuze kitu), halafu locsite fix 80 (rekodi za urefu wa 80), ndipo uvute keneli na initrd. Parmfile peke yake ndo uirudishe kwenye ascii, hiyo ni maandishi kweli na inatakiwa igeuzwe, na mistari yake isizidi herufi 80. Kabla hujatoboa safisha rida kwa PURGE RDR ALL maana kama lile jaribio la jana bado liko mbele kwenye foleni utakuwa unaiwasha maiti ileile kila siku, na kwenye PUNCH usisahau NOH, bila hiyo inaweka kichwa cha habari juu ya keneli yako. Mpangilio ni keneli, parmfile, initrd. Ikitoa hata mstari mmoja wa herufi umeshavuka, ukifika kwenye menyu ya chanzo soma jibu la yule dogo wa Sinza.