"Umenichorea Shule": Kwako Unayetafuta Ramani ya Nyumba ya Kisasa

Wiki tatu zilizopita, saa moja asubuhi, simu iliita. Namba nilishaifuta zamani, lakini sauti niliijua kabla hajajitambulisha. "Binti, hujambo? Ile shule yako bado unayo?"

Nilikaa kitandani. Miaka minne nilikuwa naisubiri simu hiyo, na siku ilipokuja nilikosa la kusema zaidi ya "Shikamoo mzee, ninayo."

Niwaeleze ilikotoka. Mwaka 2021 nilikuwa nimerudi Mwanza kutoka Dar es Salaam na shahada yangu ya usanifu majengo, nimepanga chumba Nyakato, nachora fremu za maduka na kuta za uzio. Ndipo akatokea huyu mzee, mfanyabiashara wa mabondo ya samaki, ana kiwanja Luchelele kinachotazama ziwa moja kwa moja. Akasema anataka nyumba ya kisasa, na pesa si tatizo. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza ya maana na nilitaka niifanye kama nilivyofundishwa. Nilienda kiwanjani na kiti cha plastiki, nikakaa kutwa nzima, asubuhi mpaka jua linazama, naandika upepo unatoka wapi na kivuli cha kila jiwe kinaelekea wapi.

Nikamchorea nyumba ndefu na nyembamba, upana wa chumba kimoja, madirisha yakitazama kaskazini na kusini ili upepo uingie huku utokee kule. Paa la bati lenye mteremko, upenu uliotokeza sentimita 90. Upande wa ziwa, ambao ni magharibi, nikaweka baraza pana lenye ukuta wa tofali za matundu. Usiku wa kuamkia siku ya kuikabidhi sikulala kwa furaha.

Mzee aliigeuza karatasi mara mbili. Mkewe akacheka kidogo. "Binti," akasema, "nimekuomba nyumba ya kisasa, wewe umenichorea shule."

Akatoa simu akanionyesha anachotaka: nyumba nyeupe ya boksi, paa la kuficha, lililozibwa na ukuta mfupi lisionekane, kioo kutoka sakafuni mpaka darini. Akanipa elfu ishirini ya nauli. Ramani akanunua kwa mtu mwingine, ya kupakua. Nikapanda hiace kurudi Nyakato na karatasi yangu imekunjwa kwapani. Bado inaniuma, sitawadanganya.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba alisema kweli. Ilikuwa shule. Kile kibanda kirefu cha madarasa ulichosomea wewe na mimi, chenye varanda upande mmoja na madirisha pande mbili, ndicho kitu cha kisasa kuliko vyote tulivyowahi kujenga nchi hii, na hakuna aliyetuambia.

Usanifu ambao wasomi huuita modanizimu, wa majengo sahili yasiyo na mapambo, ulifika kwetu kwa njia nyingi. Mjerumani Ernst May, aliyejenga mitaa ya makazi Frankfurt miaka ya 1920, alikuja Tanganyika mwaka 1934, akawa mkulima kwanza, kisha akarudi kwenye kuchora. Jengo la ushirika wa wakulima wa kahawa, KNCU, pale Moshi ni lake. Anthony Almeida, mtoto wa Dar es Salaam aliyezaliwa 1921, alisomea Bombay akarudi nyumbani kuchora, na kanisa la pamoja la Wakristo pale Mlimani, chuo kikuu, ni mojawapo ya kazi zake. Baada ya Uhuru kasi ikaongezeka. Shirika la Nyumba la Taifa likaundwa 1962, kiwanda cha saruji cha Wazo Hill kikaanza uzalishaji 1966, na serikali ikahitaji shule, zahanati, vyuo na ofisi kwa haraka na kwa bei ndogo. Hapa Mwanza hospitali ya Bugando ikafunguliwa 1971, ghorofa juu ya kilima, mpaka leo ndiyo kitu cha kwanza ukionacho ukitokea ziwani.

Halafu kuna Beda Amuli, msanifu wa kwanza Mwafrika Tanzania, aliyesomea Haifa. Soko lake la Kariakoo lilifunguliwa 1975. Nikiwa mwanafunzi, kabla ya moto wa Julai 2021, mvua kubwa ilinikuta mle ndani. Wafanyabiashara hawakuhama hata hatua moja. Niliinua macho: juu yangu miavuli mikubwa ya zege, imegeuzwa mdomo juu kama masinia, inapokea mvua ya jiji na kuiteremsha kwenda kwenye matangi. Amuli alikuwa ameyapokea maji yale kama mgeni aliyemtarajia. Nilisimama pale nikiwa na mfuko wa nyanya mkononi, na ndiyo siku niliyoamua kwamba kazi hii nitaifanya mpaka nizeeke.

Sisemi kila kilichojengwa zama zile kilikuwa kizuri. Mwaka 1977, akipima miaka 10 ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere mwenyewe alikemea ung'ang'anizi wetu wa saruji na bati, akauliza kwa nini hatuchomi tofali. Na zege lisilotunzwa huoza. Lakini kizazi kile kilianza na swali: jua linatoka wapi, upepo unatoka wapi, maji yataenda wapi? Sisi tunaanza na picha.

Sasa niungame. Baada ya kukataliwa Luchelele nilivunjika. Mwaka uliofuata mama yangu mkubwa alitaka kujenga Buswelu, naye akataka paa la kuficha kama jirani zake. Sikubishana. Nilijiambia nimechoka kuitwa mwalimu wa shule. Nikamchorea kontempo safi, yaani nyumba ya boksi kama ile ya mzee, parapeti (ule ukuta mfupi wa kuficha paa) pande zote, gata ya ndani, mfereji wa maji ya paa, yenye upana wa sentimita 15 na bomba moja la kutolea maji. Mafundi wakaisifia, na picha zake niliziweka humu, wengine mnazikumbuka.

Masika ya kwanza alinipigia usiku. Nilikuta ndoo tatu na beseni sebuleni, dari la jipsamu limejaa madoa ya rangi ya chai, na pembeni limevimba kama tumbo. Mama mkubwa amekaa kwenye mkeka, kajifunga khanga mabegani. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mwanangu, maji haya yanatoka wapi, na paa lenyewe hatulioni?"

Asubuhi nilipanda juu. Gata ilikuwa imejaa tope jeusi. Nililichota kwa mkono: majani ya mwembe, mfuko wa plastiki, na wale wadudu wadogo wa ziwani wanaoinuka kama moshi, ambao usiku hufuata taa na kufa kwa maelfu. Walikuwa wameshikamana kama ugali uliolala. Nchi hii ya ziwa ina mvua zinazokuja usiku na radi zake, zinamwaga kwa nusu saa maji ya wiki nzima, na mimi nilizipa bomba moja. Nilikulia hapa. Nilijua. Matengenezo ya ile gata niliyalipia mwenyewe, kwa miezi minane, na parapeti ya nyuma tukaibomoa ili paa lipumue na kumwaga nje.

Ndiyo maana nawaambia, jamani, jua kwanza. Kabla ya idadi ya vyumba, kabla ya rangi ya vigae, jua kwanza. Mwanza tuko nyuzi 2 na nusu tu kusini mwa ikweta. Mwezi Juni jua la mchana hupita upande wa kaskazini, Desemba hupita kusini, na nyakati zote mbili liko juu sana. Ukitokeza upenu sentimita 90, saa sita mchana ya Juni kivuli kinashuka karibu mita 1.8 kwenye ukuta wa kaskazini, dirisha zima limejificha. Lakini jua la asubuhi na la jioni linakuja chinichini, linapita chini ya upenu wowote na kuingia mpaka kwenye kochi. Huko upenu peke yake haukusaidii. Panahitaji baraza pana, au mti, au ukuta wa matundu.

Na sisi wa upande wa mjini ziwa liko magharibi. Hebu fikiria hilo. Kila anayenunua kiwanja chenye mandhari anataka kioo kinachotazama ziwa, maana yake anataka kioo kinachotazama jua la saa kumi jioni. Nyumba ya Luchelele iko hivyo. Nilipofika wiki ile mzee aliponipigia nilikuta mapazia mazito yamefungwa, kiyoyozi kinanguruma, ngozi ya makochi imebanduka magamba. Familia inaishi chumba cha nyuma, kinachotazama jiwe. Miaka yote hiyo hawajawahi kukaa sebuleni kuliona ziwa walilolinunua.

Tunaongeza baraza la mita 2.4 mbele ya kile kioo, na ukuta wa tofali za matundu tunazozifyatua palepale kiwanjani. Paa jipya la mteremko litafuata, fundi kenchi ameshapima. Alhamisi iliyopita tulimaliza kozi ya mwisho ya ukuta. Saa kumi na nusu jua likaingia kwenye matundu, likamwagika sakafuni vipande vipande, kama mkeka uliosukwa. Mama mwenye nyumba, yule aliyecheka, alitoka na kiti, akakiweka katikati ya vile vipande, akakaa. Upepo wa ziwa ukawa unapita. Sikuombwa samahani na sikuidai. Nilimsogezea stuli aweke miguu.

Ndugu zangu, acheni kununua ramani za kupakua. Mchoraji hajui kiwanja chako kiko Igombe au Iringa, hajui jua lako. Nenda ukakae kwenye kiwanja kutwa nzima. Kama huna muda wa kukaa siku moja mahali utakapoishi miaka arobaini, basi hujawa tayari kujenga. Jua kwanza, halafu maji, halafu ndiyo uniambie kuhusu vyumba. Na kabla ya kumwita msanifu, rudi shule yako ya msingi saa nane mchana, ingia darasani, simama. Utaniambia.

Juzi dada mmoja wa Kamanga ameniandikia: "Dada, naomba ramani ya kontempo ya vyumba vitatu, iwe na kioo kikubwa cha kuangalia ziwa." Dada yangu, wewe uko ng'ambo, ziwa kwako liko mashariki. Kioo chako nitakuchorea, na sitakuchorea kidogo. Jua litakupiga asubuhi tu, kukiwa bado na ubaridi, na ikifika saa nne litakuwa limeshapanda juu ya upenu. Ila usinitumie picha za mtandaoni. Amka saa kumi na mbili, simama kiwanjani ukitazama huku kwetu, piga picha wakati jua linachomoza nyuma ya vilima vya Mwanza. Kisha piga nyingine kila baada ya saa moja mpaka saa tano. Hizo ndizo unitumie.