Namba nane si namba nane: kuzielewa saizi za sindano za kroshia

Kofia ilikuwa ya mtoto wa dada yangu, wakati huo ana miezi mitatu. Maelekezo nilipewa na bibi mmoja aliyefuma tangu ujana wake, karatasi zimebadilika rangi, zimechapwa Uingereza miaka mingi iliyopita. Yalitaka sindano namba 8. Nikachukua sindano yangu iliyogongwa H-8 na kuanza. Nilihesabu mishono kwa uangalifu na sikukosea hata mstari mmoja. Kofia iliyotakiwa kuwa na mzunguko wa sentimita 40 ilitoka na karibu 50. Ilimtosha mama yake.

Kwa siku kadhaa nililaumu mkono wangu, nikidhani nafuma kwa kulegeza. Mkono haukuwa na kosa. Namba 8 ya zamani ya Uingereza ni milimita 4. Namba 8 ya Marekani, ile inayoandamana na herufi H, ni milimita 5. Milimita moja inaonekana ndogo ukiitazama kwenye rula, lakini inaingia katika kila mshono, na kofia ina mamia ya mishono.

Nilipoanza kufuatilia nikakuta namba hiyo hiyo ina maana nyingine tena. Wajapani wana 8/0, nayo ni milimita 5, sawa na ya Marekani. Lakini wana pia mfululizo wa pili wa sindano nyembamba za kufumia lesi, na humo namba 8 ni milimita 0.9. Marekani nako kuna sindano nyembamba za chuma zenye namba zake peke yake, na namba 8 yao ni takriban milimita 1.5. Ukiambiwa "chukua namba nane" bila kuelezwa zaidi, bado hujaambiwa kitu.

Kinachowachanganya wengi zaidi ni mwelekeo wa hesabu. Katika sindano za kawaida za Marekani namba ikipanda, sindano inanenepa: 6 ni milimita 4, 9 ni milimita 5.5, 10 ni milimita 6. Katika zile za zamani za Uingereza namba ikipanda, sindano inakonda: 14 ni milimita 2, 6 ni milimita 5, na ukifika 000 uko kwenye milimita 10. Hesabu hiyo inafanana na ile ya kupimia waya. Waya huvutwa kupitia tundu moja baada ya jingine, na kila ukivutwa unazidi kuwa mwembamba, ndiyo maana namba kubwa ni waya mwembamba. Nilipolielewa hilo sikuhitaji tena kukariri. Sindano za chuma za Marekani na zile za lesi za Kijapani nazo hukonda kadiri namba inavyopanda, lakini vipimo vyake havilingani na vya Uingereza wala vyenyewe kwa vyenyewe.

Herufi za Marekani zina utaratibu mzuri katikati na vurugu mwishoni. G ni milimita 4, H ni 5, I ni 5.5, J ni 6. Milimita 4.5 haina herufi kabisa, inaitwa 7 tu. Kuanzia M kwenda juu, usiamini herufi. N unaweza kuikuta kwenye sindano ya milimita 9 na pia kwenye ya milimita 10. P imeandikwa kwenye ya 10 na kwenye ya 15. Craft Yarn Council, chama cha wafanyabiashara wa nyuzi huko Marekani, chenyewe kinashauri watu wafuate milimita kuliko herufi au namba.

Basi fuata milimita. Kama sindano haina maandishi, au yamefutika, ipime. Pima fimbo, yaani ile sehemu ya duara iliyonyooka kati ya shingo (pale chini tu ya kichwa) na pale unapoweka kidole gumba. Usipime kichwa, usipime shingo. Ukubwa wa mshono unatokana na fimbo, kwa sababu hapo ndipo kitanzi kinapokaa. Kibao chenye matundu ya kupimia sindano kinafaa, ila angalia: kichwa cha sindano nyingine ni kipana kuliko fimbo yake, kikikataa kupita utadhani sindano ni nene kuliko ilivyo. Kalipa, kile kifaa chenye taya mbili za kubania kitu na kusoma unene wake, inasema ukweli zaidi.

Na hata milimita zikilingana, umbo linaweza kukusaliti. Hili nimelijua kwa blanketi. Sindano yangu ilipotea nikiwa nusu ya kazi, nikanunua nyingine ya kampuni tofauti, milimita 5 kama ile ya kwanza. Baada ya mistari kumi hivi nikaona ukingo umeanza kufunguka kwenda nje. Ya kwanza ilikuwa na shingo inayokonda taratibu na kichwa cha mviringo, kama zinavyojulikana nyingi za kampuni ya Boye. Ya pili kichwa chake kilikuwa sawasawa na fimbo, na mdomo umechongwa kwa kina, kama zile za kampuni ya Susan Bates. Kwenye shingo inayokonda nilikuwa nazoea kukaza kitanzi pale pembamba, kwa hiyo mishono yangu ikawa midogo kuliko sindano. Ile ya pili haikuniachia nafasi hiyo. Nilifumua yote hadi pale nilipobadilisha. Tangu hapo sibadilishi sindano katikati ya kazi, labda kama nimekwisha kufuma kipande cha majaribio na ile mpya.

Kipande hicho kifume kikubwa, zaidi ya sentimita 10 kila upande, kisha hesabu mishono ya katikati. Maelekezo yakitaka mishono 18 kwa sentimita 10 na wewe umepata 16, blanketi la mishono 180 litakuwa na upana wa sentimita 112.5 badala ya 100. Panda au shuka saizi mpaka hesabu ikae. Saizi iliyochapwa kwenye maelekezo ni mahali pa kuanzia tu, maana kila mkono una nguvu yake, na sindano ya mianzi hushika uzi kuliko ya alumini.

Kama karatasi haisemi imetoka nchi gani, tazama majina ya mishono. Ukikuta singo kroshia, hayo ni maelekezo ya Marekani, kwa kuwa Waingereza mshono huo huo wanauita dabo kroshia. Nchi ukishaijua, namba ya sindano inasomeka.

Siku hizi kwa kila kazi naandika mstari mmoja daftarini: fimbo milimita 4 kwa kalipa, kichwa bapa, alumini, mishono 18 kwa sentimita 10. Kile kilichochapwa kwenye mpini sikiandiki. Kofia ya pili ya mtoto niliifuma kwa mstari huo, na ikamkaa.