Sensa inasema seremala, kitabu cha anwani kinasema muuza vyakula: nani aliishi kwetu 1881?

SWALI: Ndugu mtaalamu, tunaishi Bow, mashariki mwa London, katika nyumba za zamani zilizoungana kuta. Juu ukutani kuna jiwe lenye jina ambalo si la mtaa wetu, na mwaka 1868. Sisi ni namba 27. Kwenye sensa ya 1881 nimekuta 27 ni seremala, mkewe na watoto wanne. Kwenye kitabu cha anwani cha 1882, namba 27 mtaa huohuo ni muuza vyakula. Yupi ni wa kwetu? Tena mwanangu anauliza kama enzi zile walikuwepo watu wa pwani yetu maeneo haya.

JIBU: Dada yangu, usimkatae yeyote kati yao kwa sasa. Kwanza rudi kwenye picha ya ukurasa wa sensa, picha yenyewe na si maneno yaliyochapwa pembeni yake, uangalie hiyo 27 uliisoma safuwima ipi.

Sensa ile ilihesabu waliolala katika kila nyumba usiku wa kuamkia Jumatatu, tarehe 4 Aprili 1881. Karani alikuwa amegawa fomu mlango kwa mlango siku chache kabla. Jumatatu alizikusanya, kisha akazinakili kwenye daftari. Fomu zenyewe hazikuhifadhiwa. Tunachosoma leo ni mwandiko wa karani. Naye alizipa fomu zake namba mfululizo kuanzia moja, na namba hizo ndizo zilizo safuwima ya kwanza kushoto. Namba ya nyumba, kama aliiandika, iko safuwima ya pili pamoja na jina la mtaa. Nimeona watu waliofuatilia ukoo mzima, vyeti vya kuzaliwa wamenunua, halafu ikabainika kwamba "namba 27" yao ilikuwa fomu ya ishirini na saba. Kosa hili huniuma kila nikikutana nalo, maana dakika moja ya kutazama ingeliepusha.

Ikiwa 27 yako kweli iko safuwima ya pili, tazama vistari vya mshazari. Kaya ikiisha, karani alichora kimoja. Nyumba ikiisha, alichora viwili. Ukikuta kimoja tu kati ya seremala na muuza vyakula, basi wote wawili ni wa 27, mmoja chini dukani na mwingine juu. Mitaa ya wafanyakazi ya mashariki mwa London ilikuwa hivyo, kama nyumba za vyumba kule kwetu Kariakoo au Ng'ambo: mlango wa mbele ni mmoja, ndani mna kaya tatu nne, kila moja na jiko lake.

Kitabu cha anwani kina kazi nyingine kabisa. Vile vya kampuni ya Kelly, ambavyo huenda ndivyo ulivyotumia, vilikuwa bidhaa ya biashara. Vilimworodhesha mwenye duka, fundi mwenye karakana yake, daktari, na watu wenye uwezo. Seremala aliyelipwa ujira kwa wiki hakuwa na sababu ya kuandikwa humo, na ndiyo maana katika mitaa mingi ya kawaida orodha inaruka kutoka duka hadi duka kana kwamba katikati hakuna watu. Jina kukosekana humo halithibitishi chochote. Tena kitabu cha 1882 kilikusanywa mwishoni mwa 1881, miezi kadhaa baada ya sensa, na wapangaji wa kulipa kwa wiki walihama kwa urahisi sana. Huenda kila kitabu kinasema kweli kwa tarehe yake.

Lakini mimi linalonitia shaka zaidi ni lile jiwe. Nyumba zilizoungana zilijengwa na mjenzi mmoja, akazipa jina alipendalo na namba kuanzia moja, hata kama upande wa pili wa barabara mjenzi mwingine naye alianza na moja yake. Barua zilikuwa zinapotea. Metropolitan Board of Works, iliyosimamia mambo ya jiji tangu 1855 hadi 1889, ilifuta majina mengi ya namna hiyo na kuhesabu barabara upya, witiri upande mmoja na shufwa upande wa pili. London County Council iliyoirithi ikaendelea. Kwa hiyo jina la kwenye jiwe lenu yawezekana ndilo lililokuwa anwani yenyewe, na nyumba yenu ikawa namba 5 au 9 ya jina hilo kabla ya kuitwa 27. Hata 27 ya mtaa wenu mwaka 1881 yaweza kuwa mlango mwingine kabisa.

Ndiyo maana nakusihi uache kufukuza namba, utafute majirani.

Chagua kitu kisichohama: baa ya kona, kanisa, shule. Fungua sehemu ya mitaa katika kitabu cha anwani. Mara nyingi inakwenda upande mmoja wa barabara mlango baada ya mlango, na mtaa mwingine unapokatiza inakuambia kwamba hapa unaingia mtaa fulani. Chukua jina la mwenye baa, mtafute kwenye sensa, kisha tembea na karani kutoka kwake kuelekea kwenu huku ukihesabu milango. Nyumba tupu nazo zihesabu. Zina alama ya U. Mkononi uwe na ramani ya Ordnance Survey, idara ya serikali ya kuchora ramani, ya London ya 1893 hadi 1896, ya kipimo cha futi tano kwa maili, ambayo National Library of Scotland imeiweka mtandaoni bure. Ni kubwa kiasi cha kuonyesha kila nyumba na uwanja wake wa nyuma. Ukiona upande mmoja wa mtaa haupo kwenye daftari, usidhani umepotea. Soma kurasa za mwanzo ambamo eneo la karani limeelezwa, kwa sababu mara nyingi mpaka ulipita katikati ya barabara na upande wa pili ukawa wa karani mwingine.

Ningekuwa mimi, ningeanzia mbele na kurudi nyuma. Mwaka 1911 fomu zenyewe zilihifadhiwa, zimejazwa kwa mkono wa mkuu wa kaya, zina anwani na idadi ya vyumba. Mwanamke aliyeolewa aliulizwa amezaa watoto wangapi wakiwa hai, na wangapi wamefariki. Utakaposoma namba hizo mbili za mama aliyepika katika jiko lako, utanyamaza kidogo. Karibu na wakati huohuo serikali ilithamini ardhi yote kwa sheria ya fedha ya 1909–10, na kule Kew, kwenye hifadhi ya nyaraka ya taifa, kuna ramani zenye namba ya kila kiwanja pamoja na madaftari yanayoeleza nyumba iliyokuwa juu yake. Hapo ndipo ukuta wako unapofungwa na namba yake bila ubishi. Kutoka hapo rudi 1901 na 1891, ambazo zinataja vyumba vya kaya ikiwa havifiki vitano, kisha 1881, kisha 2 Aprili 1871, sensa ya kwanza kuikuta nyumba yenu. Ukikuta vitabu vya anwani vya miaka miwili inayofuatana vina majirani walewale lakini namba zao zimebadilika, umeupata mwaka wa mabadiliko. Madaftari ya kodi ya majengo ya maeneo yenu yaulize kwenye maktaba ya historia ya Tower Hamlets, Bancroft Road. Kila ukurasa unaoutumia, andika kumbukumbu yake kamili. Za 1881 zinaanza na RG 11, halafu namba ya fungu, ya karatasi na ya ukurasa.

Kuhusu swali la mwanao: ndiyo, walikuwepo, lakini sensa ni usiku mmoja katika miaka kumi. Chuma na Susi, waliousafirisha mwili wa Livingstone hadi pwani, walifika Uingereza 1874 na kurudi Zanzibar mwaka huohuo, kwa hiyo hakuna sensa iliyowakuta. Mabaharia ndio wa kutafutwa. Limehouse, si mbali na kwenu, ilikuwepo tangu 1857 nyumba ya kulala wageni iitwayo Strangers' Home for Asiatics, Africans and South Sea Islanders. Waliolala humo usiku wa sensa waliandikwa, kama walivyoandikwa mabaharia waliokuwa melini bandarini. Majina yao karani aliyaandika kama sikio lake lilivyoyapokea, basi kuyatafuta kwa tahajia yetu ni kupoteza muda. Mwambie aingie kwa anwani, West India Dock Road, sensa ya 1881, ashuke mstari kwa mstari katika safuwima ya mahali pa kuzaliwa.