Njia zisizo vidonge kwa daktari wa mtandaoni

Umeuliza kama madaktari wa mtandaoni wa Marekani wanaandika njia za uzazi wa mpango zisizo vidonge, kwako na kwa mdogo wako aliyeko huko. Zipo, ila si zote, na wewe uliyeko Dar huduma hizo hazikusaidii. Daktari wa kule anatakiwa awe na leseni ya jimbo aliko mgonjwa, na cheti cha dawa kinaenda famasi ya hukohuko.

Mdogo wako ataandikiwa plasta ya kubandika kwenye ngozi (anabadilisha kila wiki kwa wiki tatu, ya nne anapumzika) au pete ya ukeni bila kukanyaga hospitali. Hata sindano ya miezi mitatu ipo ya kujichoma mwenyewe chini ya ngozi, japo si kila huduma inayo. Kijiti na kitanzi sahau, vinataka mikono ya mtu. Mimi nesi, nimeweka vijiti miaka kibao huku Temeke: kinafanana na njiti ya kiberiti, ganzi kidogo mkononi, dakika chache umeshashuka kitandani. Sasa kwenye simu utakipitishia wapi?

Wewe nenda kituo cha afya cha serikali, uzazi wa mpango ni bure.

Ila mwambie mdogo wako asidanganye kwenye fomu ya daktari wa mtandaoni. Plasta na pete zina homoni ya estrojeni, kwa hiyo kama ana presha, kipandauso cha kuona vimulimuli, au anavuta sigara na ameshafika miaka 35, aombe njia nyingine. Na presha apime kweli, asijaze namba ya kubuni.