Fumua Kwanza, Mkasi Baadaye

Nina shati la baba watoto, saizi L, la pamba. Nataka nimshonee binti yangu wa miaka 4 gauni. Nikate wapi? (Mama, Tanga)

Usikate popote kwanza. Liinue shati dirishani, uangalie makwapa, viwiko na mgongo chini ya kola. Pakipitisha mwanga kama chujio la chai, hapo pamekwisha; hata ushone vizuri namna gani, patachanika kando ya mshono.

Likiwa zima, fumua mfuko. Kata uzi kila baada ya mishono mitatu minne upande mmoja, kisha vuta uzi wa upande wa pili, unatoka mzima. Wanaopitisha wembe katikati ya mshono ndio hao wanaotuandikia baadaye kuhusu viraka. Chini ya mfuko utakuta mraba uliokoza rangi, kwa sababu jua na sabuni havikuufikia. Usihangaike kuubandika ua. Geuza tu nguo, vifungo vikae mgongoni.

Sasa kata mstari mnyoofu chini ya makwapa. Kipande cha chini kina mzunguko wa sentimita 110 hivi, na kifua cha mtoto wa umri huo ni kama 56, kwa hiyo marinda yatatosha. Ukanda wa vifungo ushone ufunge sentimita 6 za juu, ung'oe na kifungo kinachoangukia hapo, la sivyo lastiki haitapita. Kunja sentimita 1, kisha 2, na upitishe lastiki ya upana wa sentimita 1.5, urefu 52. Mikanda ya mabega itoke kwenye mikono ya shati: vipande viwili vya sentimita 5 kwa 40. Ipishanishe mgongoni isije ikateleza. Pindo la chini liache lilivyo.

Nimegeuza jinzi kuwa sketi, lakini mbele imejitokeza kama pembe. Nilikosea nini? (Dada, Morogoro)

Swali hili halichoki kurudi. Umefumua mshono wa ndani ya miguu, ukaishia hapo. Mshono wa kati wa suruali hukatwa kwa kupinda ili upite katikati ya miguu miwili. Kwenye sketi mpindo huo hauna kazi tena, ndiyo maana unatuna.

Endelea kufumua: mbele hadi sentimita 2 chini ya mwisho wa zipu, nyuma hadi pale mshono unaponyooka. Laza sketi mezani, upande mmoja ulalie mwingine mpaka kitambaa kitulie bila mkunjo. Bana kwa pini, ushone kwa juu mistari miwili. Pembetatu inayobaki wazi, mbele na nyuma, izibe kwa kitambaa cha miguu uliyokata, nyuzi zake zikielekea chini kama za sketi. Ukikilaza mshazari, pindo litaning'inia upande.

Tumia sindano namba 16, mshono wa milimita 3.5. Penye tabaka nyingi pagonge kwanza kwa nyundo, kisha zungusha gurudumu kwa mkono. Ukilazimisha kwa kukanyaga, sindano itavunjika, na kipande chake huruka usoni.

Naweza kupunguza mabega ya koti la suti la mtumba?

Hapana. Punguza ubavu na urefu wa mikono. Mabega mwachie fundi wa suti.

Fulana niliyoipunguza inakatika uzi kila nikiivaa. (Kaka, Nakuru)

Umeshona mshono mnyoofu kwenye kitambaa kinachovutika. Shona zigizaga nyembamba, yaani mshono wa kupindapinda, kwa sindano ya ncha ya mviringo na uzi wa poliesta. Cherehani yako ikiwa ile nyeusi ya kukanyaga, isiyo na zigizaga, fulana mpelekee mwenye ovaloki, mashine inayokata ukingo na kuufunga kwa uzi papo hapo.

Nimelipika gauni jeusi lililopauka kwenye rangi na chumvi, limetoka vilevile.

Bila shaka ni poliesta. Rangi ya namna hiyo hushika pamba, kitani na viskosi. Chomoa uzi mmoja, uuchome juu ya beseni la maji: pamba hunuka karatasi na kuacha jivu laini, poliesta huyeyuka ikawa kishanga kigumu. Kipimo hiki hufanywa kabla ya kununua rangi. Na hiyo sufuria isirudi jikoni.

Gauni langu la kitenge linabana kwa sentimita 8. Fundi kasema haiwezekani. (Mama, Mwanza)

Fundi kaangalia akiba ya mshono, kile kitambaa kinachobaki ndani ya mshono, akakuta nusu sentimita. Mlaumu aliyelishona mwanzo na ovaloki yake. Nguo ya mtu mzima iachiwe angalau sentimita 2.5 kila ubavu, na ukimpelekea fundi kitambaa, mwambie kabla hajakata.

Linawezekana, lakini kwa kuongeza kitambaa. Kata vipande viwili vya upana wa sentimita 6 (4 za kuonekana, 1 ya mshono kila upande), viende kutoka mdomo wa mkono, kupitia kwapani, hadi pindo. Kikiishia kwapani, kifua kitapumua na mkono utaendelea kukubana. Usitafute kitenge kipya cha chapa ileile. Kitang'aa pembeni mwa kilichopauka. Chukua kitambaa cha rangi moja iliyomo kwenye gauni, ukifue kabla ya kukata.

Mliotuma picha na swali la "hii nigeuze iwe nini?" bila vipimo wala aina ya kitambaa, andikeni upya.