11000000 inakuwaje 192?

SWALI: Habari mkuu, ndo naanza kusoma mambo ya netiweki. Kwenye notsi wameandika 11000000.10101000.00000001.00001010 halafu wanasema ni ile ile 192.168.1.10. Mimi nikijumlisha hizo moja za mwanzo napata 2, sasa 192 inatoka wapi? Na mbona sijaona namba inayozidi 255?

JIBU: Salama mkuu. Hapo unajumlisha tarakimu zenyewe wakati unatakiwa ujumlishe thamani ya nafasi iliyokaa kila tarakimu, na hii kitu unaifanya kila siku bila kujua, ukiona 507 husemi 5+0+7 ni 12, unajua 5 iko kwenye mamia na 7 iko kwenye mamoja. Kwenye desimali tarakimu ziko 10 ndo maana kila ukihama nafasi moja kwenda kushoto thamani inazidishwa kwa 10. Bainari ina 0 na 1 tu, kwahiyo inazidishwa kwa 2. Tofauti ni hiyo tu, hamna kingine.

Chukua karatasi, anzia KULIA (wengi wanaanzia kushoto wanaharibu yote), andika 1 halafu dabo mpaka zifike nafasi nane, chini yake panga bainari yako:

128 - 64 - 32 - 16 - 8 - 4 - 2 - 1
1 - 1 - 0 - 0 - 0 - 0 - 0 - 0

Penye 1 chukua namba ya juu yake, penye 0 ruka. 128+64=192, umeiona hiyo. Ya pili 128+32+8=168, ya tatu ni 1, ya mwisho 8+2=10.

Hiyo 255 nayo inatoka hapo hapo. Kila kipande cha IP (hiyo anwani ya mashine kwenye netiweki, kama 192.168.1.10) kina biti 8, yaani nafasi nane za 0 au 1, ukiweka 1 zote nane jumla yake ni 255, na 256 ingetaka nafasi ya tisa ambayo haipo.

Kuna sehemu watu wanaumia sana kwenye mtihani. Ukibadilisha 10 kwa kalkuleta inakupa 1010, biti nne tu, lazima ujazie sifuri upande wa kushoto zitimie nane, ukijazia kulia unapata 10100000 ambayo ni 160, na hapo ushapotea. Halafu cheki haraka haraka, bainari ikiishia na 1 jibu lazima liwe namba witiri, ikiishia na 0 ni shufwa, ukiona tofauti rudia hesabu.

Usikariri tu mkuu, elewa, maana ukifika kwenye sabneti maski (namba inayoonyesha sehemu gani ya IP ni ya netiweki, penye 1, na ipi ni ya mashine, penye 0) utaihitaji kila dakika. Mfano 255.255.255.192, ile 192 ni 11000000, zimebaki biti 6 za sifuri, 2x2x2x2x2x2 ni 64, toa anwani ya netiweki yenyewe na ya brodikasti (ya kutuma kwa mashine zote kwa pamoja) unabaki na 62 za kugawia mashine. Na mtu akikuletea maski ya 255.255.255.200 mkatalie hapo hapo, 200 ni 11001000, kuna 1 imejitokeza baada ya sifuri, na kwenye maski zile 1 zinatakiwa zifuatane kuanzia kushoto bila kukatika.