Kwa Anayeanza Kupiga Picha za Ibada na za Jangwa

Mara ya kwanza nilipotumwa kupiga picha za Misa katika kigango kimoja (kanisa dogo la parokia lililo mbali na makao ya padre) ukingoni mwa jangwa la Chalbi, kaskazini mwa Kenya, nilisimama pale ambapo mwanga ulikuwa mzuri kuliko pote, yaani kati ya altare na benchi la mbele. Kanisa lilikuwa la mabati, lenye dirisha moja tu upande wa mashariki, na mwale wa jua ulipita sawasawa juu ya mikono ya padre. Alipoinua Hostia nilibonyeza kitufe mara tano au sita mfululizo. Nilipogeuka nikamwona bibi mmoja aliyepiga magoti nyuma yangu, shingo ameilaza upande, akijaribu kuiona altare kupitia ubavuni mwangu. Hakuniambia neno. Picha zilitoka nzuri, lakini sikumpa paroko hata moja, kwa sababu kila nilipozifungua niliiona ile shingo ambayo haikuwamo ndani yake.

Naanza na kosa hilo kwa kuwa ndilo lililonifundisha kazi. Vijana wengi wanaonijia huuliza wanunue lenzi gani, na swali hilo lina jibu lake; lakini kabla ya lenzi kuna jambo moja ambalo Misa na jangwa vyote viwili vinamdai mpiga picha, nalo ni kujua wakati wa kuishusha kamera. Katika Kitabu cha Kutoka, Musa akiwa nyikani alikiona kijiti kinachowaka bila kuteketea, akageuka ili akitazame vizuri. Mungu hakumkemea kwa kutaka kuona. Alimwambia asikaribie zaidi, avue viatu. Nimeufanya mpaka huo kuwa kanuni yangu kila ninapofika mahali papya, na kila mara najiuliza wapi ndipo pa kuvulia viatu.

Kanisa lenyewe halikatazi picha. Maagizo yaitwayo Eucharisticum Mysterium, ya tarehe 25 Mei 1967, yana kifungu kinachohusu upigaji picha wakati wa adhimisho la Ekaristi, nacho kinataka sala za waamini zisivurugwe, busara kubwa itumike pale penye sababu ya kweli ya kupiga, na maelekezo ya askofu wa mahali yafuatwe. Kwa vitendo, hiyo ina maana kwamba unafika siku moja kabla, unaonana na paroko au katekista, unaingia kanisani likiwa tupu, na unaketi mahali watakapoketi watu ili ujue wataona nini. Kubaliana na padre mapema kuhusu sehemu utakazosimama. Zima mlio wa kamera na usitumie flashi kabisa. Mimi hupiga picha hadi mwisho wa Liturujia ya Neno, kisha kamera inaingia mfukoni na zipu inafungwa kabla ya Sala Kuu ya Ekaristi kuanza. Kama kuna picha ya altare inayohitajika kweli, tunapatana na padre iwe moja, kutoka nyuma au pembeni, na haipigwi wakati wa Mageuzo, yaani pale mkate na divai vinapogeuzwa kuwa Mwili na Damu ya Kristo. Nyuso za watu wanaopokea Komunyo usiziguse.

Kuna picha moja ambayo utatamani kuipiga na usiipige kamwe. Katika vigango vya jangwani padre huweza kuungamisha nje, chini ya mgunga, akiwa ameketi kwenye kiti cha plastiki na muungamaji amepiga magoti kando yake, wote wawili wakiwa vivuli vyeusi mbele ya uwanda mweupe. Hata ukiwa umbali wa mita mia mbili, hata kama uso hauonekani, watu wa kigango kile watamtambua mtu kwa shuka yake na jinsi anavyoinama. Geuza kamera upande mwingine.

Kama wewe mwenyewe ni Mkatoliki, usijidanganye kwamba umeshiriki Misa kwa sababu tu ulikuwamo ndani ukipanga mwanga. Penye parokia yenye Misa ya Jumamosi jioni, nenda huko bila kamera, utimize wajibu wako wa Dominika, ndipo Jumapili uwe huru kufanya kazi. Kigangoni, ambako padre hufika baada ya majuma kadhaa, nafasi hiyo haipo, na hapo ndipo ile zipu inaponisaidia: kamera ikishafungiwa, nabaki kusali na wengine.

Sasa nije kwenye kalenda, kwa kuwa wapiga picha wengi wa mandhari hawaijui ya Kanisa, na Wakatoliki wengi hawajawahi kuitumia kupangia kazi. Pasaka ni Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu unaoangukia tarehe 21 Machi au baada yake. Kwa hiyo Juma Kuu daima hukaa karibu na mwezi mpevu, na anayekwenda Chalbi siku hizo akitumaini kupiga ule mkanda wa nyota uitwao Njia Nyeupe mara nyingi atazikuta nyota zimefifia. Lakini tofauti ya siku chache inabadilisha kila kitu. Mwaka 2025 mwezi mpevu uliangukia tarehe 13 Aprili, Jumapili ya Matawi, na Pasaka ikawa tarehe 20; usiku wa Mkesha wa Pasaka, yaani Jumamosi Kuu, kwa hiyo, ulikuwa na saa nyingi za giza kabla ya mwezi kuchomoza. Mwaka 2026 mwezi mpevu ni Alhamisi Kuu yenyewe, tarehe 2 Aprili, na Mkesha wa tarehe 4 unapata mwezi mkubwa mapema usiku. Ukitaka nyota, nenda mwezi mwandamo katikati ya Kwaresima. Ukitaka chumvi inayong'aa buluu hadi upeo wa macho na watu wakitembea bila tochi, nenda Juma Kuu.

Moto wa Mkesha nao una somo lake. Ukanda ulio kati ya milima ya Ethiopia na nyanda za juu za Kenya una upepo mkali, hasa usiku na alfajiri. Si bure mitambo 365 ya umeme wa upepo ilijengwa upande wa Loiyangalani, karibu na Ziwa Turkana. Moto mpya uliowashwa nje ya kanisa hulala chini kama majani yaliyopigwa na mvua, na mshumaa wa Pasaka huzimika mara mbili tatu kabla ya kufika mlangoni. Usipime mwanga kwa kuutazama moto wenyewe, kwani watu wote watapotea gizani. Pima uso ulio karibu na moto, kubali mwali uungue kidogo kwenye picha, yaani uwe mweupe mtupu, tumia tundu la lenzi lililo wazi kabisa, na usiogope kupandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, hadi 6400. Chembechembe zitakazoonekana kwenye picha hazimsumbui mtu yeyote. Mama aliyekinga mshumaa wake kwa kiganja, mwanga ukipita kati ya vidole vyake vyekundu, ndiye picha ya usiku ule, naye hukutwa amesimama mbali na altare.

Mchana ni habari nyingine. Mwishoni mwa Machi jua hupita karibu wima juu ya Chalbi, na kati ya saa tano na saa tisa hakuna kivuli cha maana: macho ya watu huwa mashimo meusi, matuta hupoteza umbo, na ngamia walio mbali huonekana wakielea juu ya maji yasiyokuwapo. Hayo ni mazigazi, na hakuna lenzi ndefu itakayoyatibu, kwa sababu kinachotetemeka ni hewa yenyewe juu ya ardhi ya moto. Tumia saa hizo kulala, kusafisha vifaa na kusali sala ya adhuhuri ya Malaika wa Bwana. Nyakati za kazi ni mbili, jua linapochomoza na linapozama, zote karibu na saa kumi na mbili na nusu, asubuhi na jioni, na karibu na ikweta mwanga ule laini haudumu. Hapa ndipo mgongano unapokuwa mkali, maana saa hizo hizo ndizo za Masifu ya asubuhi na ya jioni, sala za Kanisa zenye Zaburi. Kwa miaka miwili nilisali nikiwa nimechelewa, nikikimbiza maneno. Sasa natoka saa kumi na moja gizani, naweka kamera juu ya miguu yake mitatu, nasali Zaburi nikiwa nimesimama kando yake, na ninapomaliza ndipo mwanga unapoanza kugusa chumvi. Naamini kabisa kwamba picha zimekuwa bora, kwa sababu zile dakika ishirini za kusimama bila kugusa kitu hunifanya nione upepo unatoka wapi na ufa upi wa chumvi unaelekea wapi.

Chalbi ilikuwa ziwa zamani sana, na sakafu yake ni utando mgumu wa chumvi na udongo mweupe, umezungukwa na mawe meusi ya volkano. Weupe huo huidanganya kamera, nayo huufanya kijivu. Ongeza mwanga kwa hatua moja hadi moja na nusu, kisha uangalie kwenye histogramu (mchoro wa kamera unaoonyesha kiasi cha giza na mwanga katika picha) kwamba weupe haujaungua. Kosa hilo hilo hukupata kanisani kwa sababu ya alba, kanzu nyeupe ya padre, na vitambaa vya altare, ambapo uso mweusi wa mtu hugeuka kuwa giza. Pima uso kwanza, siku zote. Usibadilishe lenzi penye upepo. Kama huna budi, ingia ndani ya gari, funga vioo, subiri vumbi litulie. Chumvi ya Chalbi ni laini kama unga wa mtama, na ukiifuta kwenye kioo cha lenzi kwa kitambaa kabla ya kuipeperusha kwa brashi, utakuwa umekichora kioo hicho kwa mkono wako mwenyewe. Mvua za masika zikinyesha, uwanda mzima huwa tope linalomeza gari hadi ekseli. Waulize wenyeji, na usiendeshe juu ya chumvi safi kwa ajili ya picha, kwani alama za matairi hukaa miezi mingi.

Jambo linalonigusa zaidi ni watu. Mgeni hufika akiwa na picha kichwani tayari: uwanda mtupu, msalaba mmoja, mtu mmoja. Lakini Chalbi si tupu. Wagabra, wafugaji wa ngamia wa huko, wanaijua kwa visima vyake na njia zake za ngamia, na asubuhi ukinyamaza utasikia kengele za mbao shingoni mwa ngamia kabla hujawaona. Jimbo Katoliki la Marsabit liliundwa mwaka 1964, askofu wake wa kwanza akiwa Carlo Cavallera, wa shirika la Wamisionari wa Konsolata, na kuna wazee katika parokia za Maikona na North Horr ambao imani yao ni ya tangu utotoni. Kando yao wanaishi ndugu zao Waislamu na wengine wanaomwomba Waqa, yaani Mungu, kwa desturi za mababu, wote wakinywa maji ya kisima kimoja. Usimwelekezee lenzi mtu anayenywesha mifugo kabla hujamwamkia, hujauliza hali ya wanyama, na hujaambiwa jina lake.

Katika hilo mwalimu wangu ni Mtakatifu Charles de Foucauld. Kabla ya uongofu wake alisafiri Moroko mwaka 1883 na 1884 akijifanya Myahudi, akichora milima na mabonde kwa siri ndani ya vijitabu vidogo alivyovificha mkononi. Wanajiografia wa Paris walimtunuku nishani ya dhahabu kwa kazi hiyo. Aliporudi Sahara akiwa padre, baada ya kupadrishwa mwaka 1901, alikuwa mtu mwingine. Kuanzia mwaka 1905 alikaa Tamanrasset kati ya Watuareg, akijifunza lugha yao, akikusanya mashairi yao na kuandika kamusi, hadi alipouawa tarehe 1 Desemba 1916. Yule aliyechora nchi ya watu bila wao kujua alitumia miaka yake ya mwisho kuandika maneno waliyomwambia wenyewe. Papa Fransisko alimtangaza mtakatifu tarehe 15 Mei 2022, na kila ninapomtazama najiuliza mimi niko upande gani wa maisha yake.

Kwa sababu hiyo nawasihi msipange picha. Msisimike msalaba wa vijiti mchangani ili kuipa mandhari maana. Ijumaa Kuu mtauona msalaba halisi, umebebwa na vijana kwa zamu juu ya yale mawe meusi yanayochoma, na Njia ya Msalaba ina vituo kumi na vinne. Mimi huchagua vitatu mapema, naweka kamera begani kwa vilivyobaki, na zamu yangu ya kubeba msalaba ikifika nampa mtoto wa katekista mfuko wangu anishikie.

Kisha rudisha picha. Usiahidi kutuma kwa simu, maana mtandao haufiki kila mahali na simu hubadilika. Chapisha, angalau za ukubwa wa kadi ya posta, andika nyuma jina la aliyepigwa na tarehe, ziweke kwenye bahasha ya plastiki kwa ajili ya vumbi, na umkabidhi katekista mkononi. Nilipomrudishia yule bibi picha yake, niliyoipiga mwaka uliofuata nje ya kanisa baada ya kumwomba, aliikunja ndani ya kitambaa pamoja na rozari yake, kisha akaniuliza kwa nini sikuwapiga na mbuzi wake.